Msalaba Nje ya Mstari

14 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha mvuke wa pasi kimepungua. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua isianze na shida, kama mtu anayebisha hodi kwa teke, kwa hiyo naanza na habari nyingine. Nimekuwa wa pili darasani. Paka wa karakana amezaa ndani ya sanduku la bawaba, na Baba amekataa kuwahamisha mpaka macho yafumbuke, ingawa wateja wawili wanasubiri mageti yao. Baba pia anasema kila akikupigia, simu inaita mpaka inachoka. Ndiyo maana nakuandikia mimi.

Sasa ya kweli. Babu tumemzika Jumamosi. Baba alitangaza kwamba kazini kwako hawakukupa ruhusa. Watu wakasikitika. Bibi alisema "Najua" basi, kisha akaangalia pembeni.

Shangazi, nimechanganyikiwa sana, na sina wa kumuuliza. Unajua Bibi ndiye anayezikisha parokia nzima. Mtu akifa, kabla hata ya kuitwa padre anaitwa yeye: wimbo gani uimbwe, jeneza liingie kwa upande upi, nani akae benchi la mbele. Wanawake wenzake wanamwita Katibu wa Mbinguni. Lakini safari hii alikuwa kama mgeni kwenye msiba wa watu. Ijumaa jioni, tulipokusanyika kusali rozari mbele ya mwili, alianzisha matendo ya furaha, yale ya kuzaliwa kwa Yesu, badala ya matendo ya uchungu. Wanawake wakatazamana. Nilimsikia mshona viatu wa kona akimnong'oneza mke wake, "Mwambie basi!" Mke wake akajibu, "Nimwambie mimi? Kwani mimi nani?" Basi tukasali matendo ya furaha mpaka mwisho, Babu amelala pale.

Kesho yake Paroko alilipokea jeneza mlangoni pa kanisa, akalinyunyizia maji ya baraka, likatandaziwa kitambaa kirefu cheupe. Mimi nilikuwa nimebeba ile ngao ya uso ya Babu ya kuchomelea, nimeisugua mpaka inang'aa. Nikaiweka juu ya kitambaa. Katekista akaiondoa haraka haraka kama anayefukuza kuku madhabahuni, akaisukuma chini ya benchi. Nilitamani ardhi inimeze. Nilikosea nini?

Halafu katika mahubiri Paroko hakumsifu Babu hata kidogo. Alizungumzia ufufuko tu, kana kwamba aliyekufa angeweza kuwa mtu yeyote. Baba alipewa nafasi ndogo sana mwishoni, akasimulia jinsi Babu alivyokuwa akisema Mtakatifu Petro atamwajiri siku geti la mbinguni likilegea bawaba. Watu walicheka huku wanalia. Na wakati wa Komunyo, jirani yetu fundi umeme, ambaye si Mkatoliki, alisimama kwenye mstari kwa heshima tu, akaniuliza, "Mjukuu, nikifika pale nasemaje?" Sikujua. Nikamwambia aseme asante.

Jambo la mwisho. Makaburini nilisukumwa na watu mpaka karibu na ukuta, na pale nje ya mstari wa makaburi mengine nikaona msalaba mdogo wa chuma. Hauna jina. Nilitaka kumuuliza Bibi, lakini alikuwa anatupa udongo.

Nisaidie kuelewa. Baba anasema ulipokuwa msichana ulikuwa unaongozana na Bibi misiba yote, na hakuna usichokijua.

Mtoto wako,
Kalamu

*

2 Julai

Kalamu,

Marahaba. Kikohozi kipo, tumezoeana. Barua yako niliisoma nimesimama, kwa sababu hapa dobini viti ni vya wasimamizi. Hospitali imeongeza wodi, kwa hiyo mashuka yameongezeka na mikono ni ile ile. Hongera kwa nafasi ya pili. Huyo wa kwanza ana nini usicho nacho?

Nikujibu moja moja.

Ile ngao haikuwa kosa la moyo, ilikuwa kosa la mahali. Mtu akibatizwa huvikwa nguo nyeupe. Akifa, Kanisa linamvika tena nguo ile ile, safari hii kubwa, ndiyo hicho kitambaa. Kikishatandazwa, jeneza la mninga na jeneza la mbao za kreti hayatofautiani. Ukiweka juu yake kitu cha kumtambulisha mtu, umerudisha tofauti. Huwekwa msalaba au Injili tu. Ngao ungeiweka pembeni, kwenye meza, na mtu asingekusumbua. Maji ya mlangoni nayo ni ya ubatizo, na ubani ni kwa sababu mwili ule ulikuwa hekalu. Mshumaa mkubwa uliouona karibu na jeneza ni ule wa Pasaka.

Mahubiri ya mazishi si ya kumsifu marehemu. Ni ya kuwashika mkono waliobaki. Sifa zina nafasi yake, fupi, kabla ya buriani. Bibi yako alikuwa akisema, "Mungu hahitaji kutambulishwa." Wanaofika msibani wakitarajia hotuba hurudi na njaa.

Jirani angeweza kubaki amekaa, na hakuna ambaye angemkodolea macho. Au angekwenda amekunja mikono kifuani, apewe baraka. Lakini "asante" nayo si mbaya. Nimecheka peke yangu mbele ya mashine, mwenzangu wa pasi akadhani nimepata mchumba.

Kuhusu ruhusa, ni kama alivyosema baba yako.

Wasalimie wote.
Shangazi yako

N.B. Msalaba upi?

*

15 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi mno kupata majibu. Nimemsomea Bibi sehemu ya kitambaa, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Hajasahau." Siku hizi anashinda kwenye kiti cha Babu anatengeneza rozari za watu zilizokatika, kwa koleo la karakana. Watoto wa paka wamefumbua macho. Mmoja ana alama nyeusi usoni, Baba amemwita Ngao.

Umeuliza msalaba upi. Jumapili baada ya Misa nilikwenda kuuangalia vizuri ili nisikuandikie uongo. Uko chini ya ukuta, mahali maji ya mvua yanapotokea. Ni mfupi, unanifikia magotini. Umepakwa rangi nyeupe, tena siyo mara moja, maana palipobanduka unaona tabaka juu ya tabaka. Na ncha zake, Shangazi, zimekunjwa kama mkia wa chatu anayelala. Hakuna fundi mwingine anayekunja chuma hivyo. Kila geti la Babu lina mkunjo ule. Ni kazi yake kabisa.

Ndipo nikakumbuka: kila Novemba, watu wanapokwenda kusafisha makaburi, Babu alikuwa anatoka na kopo la rangi nyeupe na brashi. Nikimuuliza anakwenda wapi anasema, "Kukagua kazi yangu." Nilidhani ni geti la makaburi. Lakini geti la makaburi ni jeusi!

Nilimuuliza Baba mezani. Akasema, "Kula." Nikauliza tena. Akasema, "Kula, chakula kinapoa." Kilikuwa kimepoa zamani.

Nina swali jingine kuhusu kitambaa, ulinieleza vizuri sana mpaka nikalifikiria darasani. Kama kitambaa ni nguo ya ubatizo, je, mtu akifa kabla ya kubatizwa anafunikwa na nini? Mtoto mchanga kwa mfano. Anapewa Misa? Au anazikwa hivi hivi tu? Naomba unijibu ukipata nafasi.

Mtoto wako,
Kalamu

*

3 Septemba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Muhula umeanza. Nilingoja barua yako likizo nzima. Kijana wa posta sasa akiniona tu anaanza kutikisa kichwa tangu mbali, ili nisipoteze mate kumuuliza.

Kama kuna kitu niliandika kikakuudhi, naomba unisamehe, ila naomba pia uniambie ni kipi, kwa sababu nimeirudia barua yangu kichwani lakini sijakiona. Nilikuuliza mambo ya dini tu. Au ni kwa sababu niliandika habari ya paka katikati ya habari ya kaburi? Mwalimu amewahi kunionya kwamba nachanganya mambo mazito na mepesi.

Bibi ameanza kwenda tena kwenye misiba, lakini anakaa nyuma. Wakimuuliza, "Wimbo gani, Katibu?" anasema, "Muulizeni Paroko." Wanadhani ni huzuni. Mimi sijui ni nini. Katika nyumba hii kila mtu anajua jambo ambalo mimi silijui, na wote wamekubaliana kwamba mimi ni mtoto, ingawa siku ya mazishi walinipa mimi kusoma somo la kwanza mbele ya kanisa zima.

Hata kama hutajibu swali, niandikie tu kwamba u mzima.

Kalamu

*

20 Septemba

Kalamu,

Marahaba, mwanangu. Ni mzima. Hukukosea lolote. Paka aache alipo.

Nilichelewa kwa sababu mashine mbili ziliharibika. Hiyo ni kweli, lakini ziliharibika wiki moja tu.

Kuhusu swali lako, mimi silijui jibu. Nilidhani nalijua. Kuna mwenzangu hapa kwenye pasi, zamani alijifungua mtoto ambaye hakulia. Alikuwa ameshamshonea gauni la ubatizo, jeupe, na vifundo vidogo vya uzi shingoni. Nyumbani kwao walimwambia kwamba wa namna hiyo hana Misa wala sala ya kaburini, na kwamba asilie sana. Aliyemwambia alikuwa mtu anayejua mambo yote ya mazishi, hivyo hakuna aliyembishia. Mtoto alichukuliwa na babu yake asubuhi, mama mtu akiwa bado kitandani hospitali. Babu aliporudi alisema neno moja tu: "Nimemlaza." Wapi, hakusema. Mama mtu naye hakuuliza. Alipopata nguvu akafunga mzigo, akaondoka. Gauni bado analo, analipiga pasi mara moja moja na mashuka ya wodi.

Anataka kujua kama ni kweli, yale aliyoambiwa. Na kama padre angekubali, je, wangemtandazia kitambaa?

Muulize Paroko. Usiseme ni nani ameuliza.

Shangazi yako

N.B. Hiyo rangi ya msalaba, umesema tabaka juu ya tabaka?

*

11 Oktoba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Leo sitaanza na habari za paka wala za shule. Mwalimu atanisamehe.

Nilimwendea Paroko baada ya mafundisho. Alikuwa anakwangua nta iliyomwagika sakafuni, akanipa kisu na mimi nikwangue huku tunaongea. Nikamuuliza kama ulivyosema, sikutaja mtu. Alisimamisha kisu. Akasema si kweli, Shangazi. Akasema wazazi waliokusudia kumbatiza mtoto wao, akafa kabla, wanaweza kupewa mazishi ya Kanisa, Askofu akiruhusu, na sala zake zimo kitabuni. Hakitandazwi kitambaa wala hayanyunyizwi maji kama kwa waliobatizwa, hizo ni alama za ubatizo. Lakini mtoto anakabidhiwa mikononi mwa Mungu, kwa huruma yake, na wazazi wanaombewa faraja. Kwa hiyo mwambie mwenzako jibu ni hili: kitambaa hapana, sala ndiyo. Nikauliza, kama ni zamani sana je? Akasema huruma haina tarehe ya mwisho, na anaweza kwenda kusali pale kaburini siku yoyote atakayoitwa. Nikauliza kama ni sheria mpya. Akasema ilikuwepo kabla yeye hajaingia seminari.

Nilirudi mbio. Bibi alikuwa kwenye kiti cha Babu na koleo lake. Sikutaja mwenzako, nilimwambia tu nilichojifunza, kwa sababu ni mambo anayoyapenda.

Akasema, "Paroko kasema hivyo?"

"Ndiyo, Bibi."

"Huyu wa sasa. Vijana hawa wana mambo yao."

"Amesema ilikuwa hivyo tangu zamani, Bibi. Imo kitabuni."

Bibi akaendelea kupinda waya mpaka ukakatika. Punje za rozari zikatawanyika chini ya meza, nikaingia kuziokota. Nikiwa kule chini nikamsikia anasema, "Mimi sikuuliza."

"Hukumuuliza nani, Bibi?"

"Toka huko chini. Nani amekutuma kwa Paroko?"

Nikanyamaza. Najua kunyamaza, nimelelewa katika nyumba hii.

Akaweka koleo chini, akasema, "Haya. Mwandikie aliyekutuma. Andika ninavyosema, usipambe." Naandika hapa maneno yake.

"Mwanangu. Nilisema hakuna Misa. Sikumuuliza padre. Watu wote walikuwa wananiuliza mimi, nikadhani mimi ndiye wa kuulizwa. Baba yako alitaka kwenda kuuliza parokiani, nikamwambia asituaibishe kwa kutojua. Hakwenda. Alikwenda karakana. Sikujua alichokuwa anatengeneza mpaka siku tuliyomzika yeye mwenyewe, nikauona msalaba ukutani na mimi. Na rozari ya Ijumaa niliikosea kwa sababu yeye alinidokeza siku za mwisho kwamba mtoto hakumwacha hivi hivi; nilidhani ni homa inasema, lakini neno hilo lilinibaki kichwani. Paroko atabariki makaburi Novemba, Siku ya Marehemu Wote. Kesho nitakwenda kumwomba aanzie pale ukutani. Na nitamwambia asianze mpaka mama mwenye mtoto awepo."

Alipofika hapo nikamuuliza kama niandike "nisamehe". Akasema, "Hilo si la kuandikiwa na mtoto. Hilo nitalisema mwenyewe, akinipa nafasi."

Kisha akaniambia nisome yote tangu mwanzo. Nilipofika kwenye "alikwenda karakana" niliinua macho kumtazama, akasema, "Endelea."

Shangazi, nadhani nimeelewa sasa, na kama nimekosea unisamehe. Sitauliza kuhusu mwenzako wa pasi. Nimefua mapazia ya chumba cha mbele. Baba ameona, akauliza kuna mgeni gani, nikamwambia chakula chake kinapoa.

Kopo la rangi la Babu nimelikuta nyuma ya mitungi ya gesi. Iliyobaki imeganda juu, lakini ukitoboa ile ngozi chini bado ni laini. Rangi ya msalaba imebanduka sana mwaka huu. Je, niupake? Bibi anasema yeye hana haki ya kuugusa, na Baba anasema tukungoje. Jina pia hatulijui. Bibi anasema linajulikana na mtu mmoja tu.

Kalamu

*

24 Oktoba

Kalamu wangu,

Marahaba. Naandika wakati wa mapumziko, karatasi iko juu ya rundo la mashuka, kwa hiyo usinisahihishie mistari.

Barua yako niliipeleka nyuma ya dobi, nikaisomea pale pembeni ya mapipa ya sabuni. Mwenzangu wa pasi alinifuata kunitazama kama naumwa. Yuko mzima, ana watoto watano na wote wanasumbua. Alisema, "Leo umelia, kesho utakohoa vizuri."

Miaka yote niliamini baba yangu alimwacha mwanangu mahali pasipo na alama, kwa kuwa hakuniambia, na mimi nikamwadhibu kwa kutouliza. Kumbe alikuwa anapaka rangi. Sina mtu wa kumwambia hilo sasa. Nakuambia wewe.

Mwambie baba yako nitapokea simu yake. Apige jioni.

Msimamizi amenipa ruhusa. Juni sikuiomba. Safari hii nimeiomba.

Nitafika siku moja kabla ya Marehemu Wote. Mwambie Mama nafasi anayo, lakini asinipokee stendi, tutalia mbele ya makondakta. Anisubiri nyumbani kwenye hicho kiti. Gauni naja nalo. Kama kitambaa hakitandazwi, sitalitandaza. Nitalishika tu.

Msalaba msiupake. Toboa hiyo ngozi ya juu, koroga, ongeza tone la mafuta ya taa, ufunike vizuri. Tafuta na brashi nyembamba, ile aliyokuwa akiandikia namba za nyumba kwenye mageti. Najua una mwandiko mzuri kuliko wangu. Lakini jina hili halijawahi kuandikwa popote, na mara ya kwanza nataka liandikwe na mimi. Wewe utasimama karibu, utakuwa mtu wa kwanza kulisoma kwa sauti.

Shangazi yako